Meno ya Mtanikoma

Mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, yakilowa mvua hutoa harufu nzito, nusu mafuta na nusu mkate uliochacha, na mbwa huipenda kuliko watu. Kwetu Misigiri magunia ya mashudu yalikaa nyuma ya jiko, na juu yake ndipo Watasema, mbwa wa marehemu baba, alipojifungulia watoto watatu msimu ule tuliokuwa tukisubiri kugawanywa. Baba alikuwa ametangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule kabla ya kumaliza la saba ili moto usizime jikoni. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu Elia aliyechunga mbuzi, na Neema, kitinda mimba wetu, aliyekuwa na umri wa kuanza kutumwa chumvi na tabia ya kuuma watu. Hakuuma kwa hasira. Aliuma akifurahi, na alikuwa mtoto wa furaha nyingi. Ukoo ulishaamua kwamba alizeti zikivunwa, Elia atachukuliwa na Baba Mkubwa, Neema na shangazi wa Mandewa, na mimi nitatafutiwa nyumba ya kufanya kazi mjini.

Baba Mkubwa, kaka yake baba, aliuza vitunguu na kuku njia panda ya Mkiwa. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Alikuja kwanza kuchagua mbwa, watoto wa Watasema wakiwa ndio kwanza wanafumbua macho. Kwake jambo la kuuma lilikuwa la damu, basi. Baba wa watoto hao, alisema, ni yule mbwa wa machinjioni aliyewahi kuuma gurudumu la baiskeli mpaka likatoa upepo, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Akamnyanyua mmoja aliyemkojolea mkono, akamwita Mtanikoma papo hapo. Kwetu mbwa hatolewi bure, maana husemwa hatakaa, kwa hiyo akatuachia kuku jike. Nikamwambia, "Baba Mkubwa, bado ananyonya huyo."

"Ndivyo anavyotakiwa, binti yangu. Mbwa ukimwacha akue na ndugu zake anakuwa mpole, mwizi anampigia mluzi wanaondoka wote. Huyu nitamfungia peke yake, nimpe ugali wenye nyigu wa kukaanga na pilipili, awe mkali. Mtaniambia!"

Mtu mwenye uhakika wa damu namna ile alihitaji nyigu wa nini, sikuthubutu kumuuliza.

Wawili waliobaki, Jirani na Subiri, walikua miguuni petu, na mimi niliyekuwa nikipepeta alizeti za mwaka uliopita uani sikuwa na sinema nyingine ya kutazama. Walicheza kwa kuumana tangu jua linapochomoza. Siku za mwanzo Jirani aling'ata sikio la mwenzake kama anayetafuna muwa. Subiri alilia kwa sauti kama ya mlango wenye kutu, akaondoka, akaenda kulala juu ya mashudu akampa mgongo. Jirani alibaki katikati ya uwanja na mdomo wazi, mchezo umekwisha na hajui umekwishaje. Baada ya muda alimfuata, akauma tena, safari hii kama mtu anayeonja mboga ya moto. Mchezo ukaendelea. Ndiyo ikawa shule yao. Elia aliona akacheka, na siku Neema alipomng'ata bega kwa furaha ya kuletewa ntalali, yale matunda ya porini, Elia akalia vilevile kama mlango wenye kutu, akaenda kukaa kwenye magunia akampa mgongo. Nami nikamfuata. Neema akasimama peke yake uwanjani, ntalali mkononi. Tulirudia mara nyingi, hata jirani yetu mmoja akauliza kama msiba umetupanda kichwani.

Alizeti zikavunwa. Baba Mkubwa akaja na shangazi, akiwa amevaa suruali yake ya kaki ya vikao, na amemfunga Mtanikoma kwa mpira wa pikipiki ili tuone mbwa aliyelelewa vizuri. Tukaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, shangazi akiwa amefunika mikono yote miwili kwa kanga kwa sababu ya Neema. Baba Mkubwa alikuwa amefika kwenye neno "mgawanyo" Mtanikoma alipoamua kucheza. Alikamata suruali nyuma ya goti, akavuta. Kaki ikapasuka mpaka kiunoni. Akarudi kwenye shavu la mguu, mkia ukipepea kama bendera.

"Hana hasira!" Baba Mkubwa akapiga kelele akirukaruka. "Anacheza tu! Anacheza! Mtoeni!"

Kelele zikawaleta Jirani na Subiri. Mtanikoma akamwacha mwenye suruali akawarukia kwa shangwe, akamng'ata Jirani sikio. Mlango wenye kutu ukalia. Ndugu zake wakaondoka, wakalala kwenye mashudu, wakampa mgongo. Neema akamwonea huruma. Akamwendea, akamtikisia kidole. "Hawachezi na wewe tena! Uma hivi." Na kabla mtu hajasema neno akaufunua mkono wa shangazi, akauma, akaachia. Shangazi alifumba macho kungoja maumivu. Alipoyafumbua aliugeuza mkono huku na huku, hakuona hata alama.

Ndipo nilipopata ujasiri. "Baba Mkubwa, ulisema mwenyewe mbwa akikua na ndugu zake anakuwa mpole. Na sisi je?"

Alijifunga kanga ya shangazi kiunoni, akakuna shavu la mguu. Shangazi ndiye aliyesema, "Waache kwanza, kaka. Wakae msimu mmoja tuone." Mtanikoma naye akaachwa amalizie masomo. Baba Mkubwa akadai arudishiwe kuku wake. Tulikuwa tumeshamla.

Msimu mmoja ukazaa mingine, hakuna aliyekuja tena kutugawa. Elia leo ni fundi pikipiki, nami nalima alizeti shamba lilelile. Neema anaishi Mandewa, kwenye nyumba yenye geti lililoandikwa "Mbwa Mkali" na mbwa mmoja amefungiwa nyuma yake. Juzi alinipigia simu akiwa karibu kulia. Mwanawe anauma wenzake shuleni, na mwalimu amemwita tena.

"Dada, unadhani kamrithi nani?"

Hapo nilimkumbuka Baba Mkubwa, Mungu amrehemu, nikakubali kwamba damu nayo ina neno lake. "Anacheza na nani hapo nyumbani?" nikamuuliza.

"Na nani, Dada? Mtoto mwenyewe mmoja. Anaangalia televisheni."

"Mlete huku likizo hii. Wanangu wanajua kulia, na magunia ya mashudu bado yapo nyuma ya jiko."

Akacheka, ile sauti ya furaha niliyokuwa nikiikimbia zamani. "Na nyigu je, nibebe?"

"Wewe mlete tu."