Chupa Niliyoiba Kabla ya Siku Kumi na Nne

Kabla jicho langu la kulia halijaharibika, nilihoji kila kitu. Nina shahada ya mikrobiolojia, na nilifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha dawa huko Masoro. Kila toleo la dawa ya macho tulilipima hivi: tunatia matone kwenye mchuzi wa kuoteshea vijidudu, tunasubiri siku kumi na nne. Mchuzi ukichafuka, toleo zima linateketezwa.

"Kwa nini kumi na nne?" nilimuuliza Dada Solange, mkuu wangu.

"Vijidudu vingine vinachelewa kuamka, kama wewe Jumatatu."

Sikuridhika. Wiki hiyo vumbi la barabarani lilinikwaruza jicho. Siku ya sita mchuzi ulikuwa bado safi, nikatia chupa moja ya toleo hilo mfukoni, nikaenda nayo nyumbani Remera.

Baada ya siku mbili jicho lilivimba. Usaha wa kijani uligandisha kope. Mwanga ulinichoma. Siku ya nne niliona ukungu tu. Mama alinifuta kwa maji ya vuguvugu.

"Si wewe msomi wa vijidudu?" alisema. 

Hospitalini, daktari alisema kioo cha jicho kina kidonda na dawa aliyonianzishia haikitibu. "Kuotesha usaha kutachukua siku kadhaa. Jicho hili halina hizo siku. Ulitia nini?"

"Maji tu," nilidanganya. Niliogopa kufukuzwa. Nilikaa koridoni kama saa nzima, halafu nikampigia Solange.

"Lile toleo lilichafuka juzi," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Dada, nilichukua chupa moja. Nimeitia jichoni."

Akamwita Mungu kwa Kinyarwanda: "Mana yanjye! Kufukuzwa utakuja kufukuzwa baadaye. Mpe daktari simu."

Alimtajia kijidudu kwa jina. Dawa ikabadilishwa saa ileile.

Nilitiwa matone kila saa, usiku na mchana, hadi nikachukia kuitwa na wauguzi. Jicho limepona, lakini lina kovu, na kusoma kunanichosha. Kazi niliipoteza. Nilistahili.

Namshukuru Mama, daktari, na Solange zaidi. Bado nahoji mambo. Ila wewe uliye maabara, swali lako lipeleke mezani, usilijaribie mwilini. Na daktari akikuuliza ulitumia nini, mwambie, hata kama ni aibu.

Toleo lile liliteketezwa lote. Halikufika duka lolote. Chupa moja tu ndiyo iliyotoka kiwandani, na niliitoa mimi.