Bonde Asilolifagia Mang Ambo

Mang Ambo, yaani Mzee Ambo, alikuwa na ugonjwa wa usafi. Namsema nikimpenda, maana nilikaa naye miaka kumi na mmoja kwenye kitalu cha msitu wa chuo chetu, huku Laguna, Ufilipino. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, fagio lake la vijiti vya mnazi lilikuwa limeshapita chini ya kila mti, na moshi wa majani unapanda.

Mwaka ule Dokta Remy, mhadhiri wetu wa misitu, alipewa ekari mbili atengeneze bustani mpya za kufundishia. Moja aliitaka iwe ya yakal, mti wetu wa asili wa mbao ngumu, kutokana na mbegu za yakal mkongwe wa msitu wetu. Mti ule huweza kukaa miaka mitano bila kuzaa, kisha ukamwaga mbegu zenye mabawa, na mbegu isipopata udongo ndani ya wiki moja imekufa. Mwezi wa Mei mti ulizaa, Dokta akiwa safarini. Mkuu wa kitivo alikuwa ameshasema: miche isipopatikana kufikia Agosti, itapandwa mahogani ya kigeni. Dokta hakutaka kusikia. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Julai akarudi kutoka safari, tukaenda naye mtini. Chini palikuwa peupe.

"Mang Ambo, mbegu ziko wapi?"

"Zile takataka zenye mabawa? Nimezichoma, Dokta. Sikubakiza hata moja!" Akatabasamu, akingoja sifa.

Dokta alimweleza taratibu, bila kumgombeza, kwamba kila takataka ile ilikuwa mti, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mimi nilikasirika. Miaka thelathini na mmoja wasomi wanampita pale wakimsifu kwa usafi, na hakuna aliyefungua kinywa!

Siku mbili hakushika fagio. Ya tatu akanijia, kofia mkononi.

"Mwanangu, kule bondeni nyuma ya yakal... tangu Pasaka sijafagia. Magoti haya hayataki tena kushuka. Msimamizi namwambia pako safi."

"Kumbe mwongo hivyo, mzee wangu!" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alikwenda mwenyewe kuwaita Dokta na mkuu wa kitivo, akakiri mbele yao kwamba amedanganya kazini. Kisha akashuka bondeni akishikilia matawi, akapiga magoti, akafunua majani yaliyooza. Miche ilikuwa imejaa. Tulihesabu sitini na minne.

Mkuu akampigapiga begani. "Umetuokoa, mzee!"

Mang Ambo hakuinuka. "Hii yote ni kwa uvivu wa miezi mitatu," akasema. "Na ile miaka thelathini na mmoja niliyofagia?"