Risasi za Jina la Olinka

Nianze kwa kusema kwamba Olinka Golga hajapata kumchagulia mtu yeyote risasi mbovu. Atakayebisha aje tukutane kwenye nyumba ya mvuke, nimmwagie maji juu ya mawe ya moto mpaka atoke mbio uchi kwenye theluji. Nimechoka kusikia upuuzi.

Olinka ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, kwa hiyo ni mtani wangu. Ana miaka sitini na moja, mfupi, kidevu kimechongoka, na alipikia watoto wa shule hapa kijijini kwetu Nanvarpak miaka ishirini na mbili kabla nyonga haijaanza kumsumbua. Mimi yeye huniita mume wake mdogo, mbele ya mke wangu, mbele ya kasisi, popote. Mumewe wa kweli alizama zamani, na tangu hapo huwinda mwenyewe kwa bunduki aliyoachiwa. Ni ya nusu-otomatiki kama nyingi za hapa kwetu: ukifyatua risasi moja, nguvu yake hutupa ganda nje na kuingiza nyingine. Sili, yule mnyama wa baharini tunayemwinda kwa nyama na mafuta, akiibua kichwa majini hakupi muda wa kuingiza risasi kwa mkono.

Lakini sifa yake haikuwa kulenga shabaha. Sifa yake ilikuwa kuchagua. Vitu vizito vya mwaka mzima huletwa na tishari la mizigo mara moja tu, barafu ikishatoka mtoni, na oda hutumwa mwezi Mei. Risasi zikiletwa kwa ndege, nauli yake peke yake inatosha kukutoa machozi. Kwa hiyo ukikosea Mei, kijiji kizima kitakula kosa lako miezi kumi na miwili.

Ndiyo maana meneja wa zamani wa duka la kijiji alikuwa hatumi oda mpaka Olinka aseme. Wakati wa baridi kali alimpa boksi moja moja la kila aina iliyopatikana. Olinka aliyaacha barazani siku tatu, yapoe kama yatakavyopoa mawindoni. Bunduki aliifuta mafuta yote kwa petroli, maana mafuta kwenye baridi yetu huganda kama uji uliolala. Kisha alikagua risasi moja moja kwa ukucha, kitakoni, kama fataki, ile inayowasha baruti, imekaa sawa au imetokeza. Baada ya hapo alifyatua thelathini za kila aina, glavu mkononi, akiokota kila ganda na kulitazama kama limepasuka. Zile za ncha ngumu alizitupa kabla ya kuzijaribu. Hizo hupita ndani ya sili zikatokea upande wa pili, mnyama akazama na nyama yake, ukabaki unatazama mapovu.

"Mwaka huu umechagua zile nzuri kuliko zote?" nilimuuliza mwaka mmoja.

"Nzuri kuliko zote unazinunua wewe kwa mshahara gani, mume wangu?" akasema. "Mimi natafuta zilizo rahisi kuliko zote kati ya zile zisizokwama. Wewe ukiona ganda linang'aa tu, ushaoa."

Basi. Ndivyo tulivyoishi, mpaka alipokuja Lofgren.

Lofgren aliletwa kutoka kusini kuwa meneja mpya, mtu wa miaka arobaini hivi, meno yote, viatu visivyojua tope. Mimi nilikuwa kaunta pale dukani, nikiwa na miaka kumi na minne kazini, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Mwezi Mei Olinka alimwendea mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa siku hizi kompyuta ndiyo inayochagua. Mara ya pili aliambiwa kwamba Lofgren mwenyewe ni mpiga bunduki tangu utotoni. Ni kweli, alipiga utotoni, huko jangwani, kwenye joto la kukaangia mayai!

Mara ya tatu Olinka alileta mfuko wa maganda yake ya majaribio, ya shaba upande huu, ya chuma upande ule, akayapanga juu ya kaunta.

"Haya ya chuma, baridi ikifika nyuzi thelathini chini ya sifuri, baruti yake inachoka," alimwambia kwa upole. "Haina nguvu ya kusukuma. Ganda linang'ang'ania ndani. Na yamepakwa rangi, rangi inashika."

"Mama," Lofgren akasema, "duka si jiko la shule."

Mimi nilikuwa napanga majani ya chai. Niliendelea kupanga majani ya chai.

Olinka akacheka. Huku kwetu mtu mzima anayefoka mbele za watu huonekana mtoto, na Olinka si mtoto. Alikusanya maganda yake, moja moja, akayarudisha mfukoni. Mlangoni ndipo aliponinong'oneza, "Mume wangu, huyo bosi wako baruti anayo nyingi. Fataki ndiyo hana."

Lofgren akaagiza za ganda la chuma, ncha ngumu, makasha arobaini, kwa sababu kila boksi lilipungua dola saba. Rahisi huvunja upishi, wahenga walishasema, lakini wahenga hawamo kwenye kompyuta.

Juni Olinka akapelekwa hospitali ya mjini Anchorage kuwekewa nyonga ya chuma. Kidonda kikaharibika, wakakifungua tena, akakaa huko mpaka Aprili. Agosti tishari likafika na makasha yale. Watu wakaja dukani, wakageuza maboksi, wakauliza swali moja tu: "Olinka kasemaje?" Kisha wakayarudisha kwenye rafu. Wiki tatu nzima hatukuuza hata maboksi kumi.

Lofgren si mjinga, hilo nampa. Alisikia swali lile mpaka akalielewa. Asubuhi moja akaniletea kikadi na kalamu nene. "Andika: Zimechaguliwa na Olinka. Kwa lugha yenu, na kwa mwandiko wako. Wanaujua."

Nilimtazama. Nilitaka kumwambia huyo mama ulimfukuza. Lakini kazi za mshahara Nanvarpak hazifiki ishirini, na nyumbani kwangu kuna midomo sita. Nikaandika. Nikabandika kwa gundi ya karatasi pale rafuni, nikarudi kaunta. Kufikia Oktoba makasha ishirini yalikuwa yamekwisha. Simu zilikuwepo, mtu angeweza kumpigia Olinka hospitali, lakini nani hupiga simu kuuliza jambo lililokwisha andikwa?

Msimu wa vuli haukuwa na shida kubwa, maana baridi ilikuwa haijakolea. Desemba ndipo zilipoanza kukataa. Unafyatua, unasikia tik, basi. Au inatoka moja, ya pili inakwama nusu ndani nusu nje. Watu wakalaumu bunduki zao kwanza. Lofgren naye akabandika tangazo: PAKENI BUNDUKI MAFUTA! Mafuta! Kwenye baridi ya kugandisha mate! Wawili waliomsikiliza walirudi na bunduki ambazo hata kufunguka hazifunguki.

Halafu maneno yakaanza kwenye nyumba ya mvuke. Nilikuwa nimekaa benchi la chini, nikiwasikia.

"Kizee kimezeeka," mmoja akasema.

"Au kapewa chochote na meneja. Nyonga ya chuma si bure."

"Ndiyo maana kapenda maganda ya chuma!" Wakacheka mpaka wakakohoa.

Hakuna aliyempigia kumlaumu, mgonjwa hasumbuliwi kwa lawama. Walimsema tu nyuma ya mgongo wake, mtu aliyewalisha wengi wao wakiwa na makamasi. Nilichemka, na si kwa mvuke. Nikanawa, nikaenda kulala.

Machi, Wasska akaenda ukingoni mwa barafu. Wasska ni mdogo wake Olinka, msusi wa nyavu, mkimya. Risasi zake za mwaka wa nyuma zilikuwa zimekwisha, akanunua maboksi mawili ya zile. Sili mwenye ndevu aliibuka hatua thelathini kutoka kwake, mkubwa, mafuta ya nyumba nzima kwa mwaka. Tik. Akavuta, akafyatua tena. Ikatoka moja, ikapita pembeni, na ganda likakwama. Sili bado yupo, anamtazama kama anamsubiri amalize. Wasska akavua glavu, akaingiza ncha ya kisu, akachokoa. Upepo ulikuwa mkali na chuma kile kilishika ngozi yake. Alichokoa kwa muda gani hajui. Sili aliondoka. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, viliganda kwa baridi, na daktari aliviondoa wiki iliyofuata kwenye viungo vya katikati. Msusi wa nyavu!

Aprili Olinka akarudi na fimbo. Siku ya kwanza alikwenda kanisani, na watu waliokuwa zamani wakimkimbilia kumshika mkono walikuwa wakitazama viatu vyao. Alidhani ni kwa sababu ya Wasska. Siku ya pili akaja dukani kununua unga, akasimama mbele ya rafu, akasoma kikadi. Mimi nilikuwa kaunta. Hakuniita mume wake. Alilipa unga akaondoka, na mwezi mzima hakuja tena.

Mei ikafika, oda ikabidi itumwe. Wazee wa baraza la kijiji wakaita mkutano ukumbini, kahawa na samaki mkavu mezani, na Lofgren akasimama na karatasi yake. Alitaka kuagiza zile zile. Akasema bei ni ile ile na lawama si za duka.

"Mimi ni mgeni hapa," akasema, amekunjua mikono. "Nilifuata ushauri wa mwenyeji wenu. Mama Olinka ndiye aliyezichagua. Kama alikosea, tumsamehe."

Tumsamehe! Olinka alikuwa amekaa safu ya nyuma, fimbo mapajani, na Wasska kando yake, mkono umefungwa kitambaa. Nikaona vichwa vikimgeukia, na vichwa vyenyewe ni vya wale wa nyumba ya mvuke. Mama mmoja akasema polepole, "Labda mwaka huu tumpumzishe, achague mwingine." Na Olinka akaitikia kwa kichwa. Akaitikia! Mwanamke ambaye hakufanya kosa alikubali kupumzishwa, kwa sababu kujitetea mbele za watu ni utoto.

Hapo nikashindwa. Nilisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Mwongo wewe!" nikamwambia Lofgren. "Alikuja mara tatu. Alikupangia maganda juu ya kaunta. Ulimwambia duka si jiko la shule. Na kile kikadi ulinituma niandike wakati yeye yuko hospitali, amekatwa nyonga, hajaziona hata hizo risasi kwa macho!"

"Evon, fikiria kazi yako," Lofgren akasema.

"Chukua kazi yako ukaipake mafuta!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga meza, wengine wakazomea, mzee wa baraza akamnyang'anya Lofgren karatasi ya oda na kuipeleka mwenyewe mpaka safu ya nyuma. Akaiweka juu ya mapaja ya Olinka pamoja na kalamu. Wale wa nyumba ya mvuke walijipanga kumshika mkono, mmoja analia kabisa. Olinka akavaa miwani, akachora mstari juu ya za chuma, akaandika zake: ganda la shaba, ncha laini, bei ya kati, makasha thelathini. Akairudisha karatasi.

Nami nilikuwa nimefukuzwa kazi papo hapo, na sikujali. Watu walikuwa wakinipiga mgongoni. Mmoja alisema kijiji hakijapata mtu jasiri hivi tangu babu yangu. Nikanywa kahawa kikombe kizima nikiwa nimesimama, kwa hasira na, nikubali, kwa raha.

Nilimfuata Olinka nje. Alikuwa kwenye ngazi, Wasska ametangulia kuwasha pikipiki ya theluji kwa mkono wa kushoto.

"Mke wangu," nikamwambia, "jina lako limerudi."

Alisimama. Hakucheka, na safari hii hapakuwa na watu mbele yake wa kumfanya acheke.

"Wasska ananiambia alikuuliza," akasema. "Mwezi Februari, siku aliyonunua. Risasi zilishaanza kukataa, watu walishaanza kusema, na mimi hakutaka kunisumbua kitandani. Kwa hiyo alikuuliza wewe, kwa sababu wewe ni wa kwetu. 'Ni kweli Olinka ndiye aliyezichagua?' Mlikuwa wawili tu dukani."

Injini ikawaka kule chini.

"Ulimjibu nini, Evon?"

Nilitazama mlango wa ukumbi. Ndani bado walikuwa wakilitaja jina langu.

"Nilimwambia ndiyo," nikasema.

Akaanza kushuka ngazi, fimbo kwanza, kisha mguu mbovu, kisha mzima. Nilinyoosha mkono nimshike. Aliuzunguka, akashuka peke yake.