Picha Iliyokatwa Ubavu

Mke wa mtu aliyepotea si mjane wala si mwali. Ni ng'ombe aliyefungwa kamba, na mwenye kamba hayupo. Ndivyo alivyoishi Priska pale Matembwe, nyumbani kwa mama mkwe wake Getruda, tangu mumewe Tarsis alipokwenda Tunduma kutafuta kazi asirudi. Miaka saba, barua hakuna, salamu hakuna. Priska analima viazi vya mkwe, anachota maji ya mkwe, anamwashia moto asubuhi baridi inapong'ata masikio. Akisema anataka kurudi kwao Wanging'ombe, alikoachiwa shamba na marehemu mama yake, Getruda anamjibu, "Ng'ombe wa mahari tulishatoa. Mumeo atakukuta hapa hapa."

Mzee wa kanisa, Lukas, alikuwa mtu wa haki lakini mgumu kama gogo la muwati. "Priska mwanangu," alisema, "kanisa halifungui ndoa kwa tetesi. Lete ushahidi kwamba mumeo ana mke mwingine, nami nitasimama nawe mbele ya mchungaji."

Ushahidi! Mtu asiyetoka shambani ataupata wapi?

Basi zikaja enzi za ruksa, maduka yakajaa sabuni, na kila mwenye bidhaa akawa anazunguka kuinadi. Siku moja Priska kapeleka viazi Njombe mjini, akakuta watu wa betri za redio wameleta sinema uwanja wa mpira. Jua lilipozama tu, wakawamba nguo nyeupe kwenye ubavu wa malori mawili yaliyosimama mkia kwa mkia. Ilikuwa pana kuliko ukuta wa kanisa.

Sinema yenyewe ni ya kusifu betri: soko la Tunduma, redio inaimba, watu wanacheza. Lakini ukubwa ule! Nguo ile haikutazamika yote kwa mara moja. Jicho lilibidi litembee, kama mtu anayevuka shamba. Watu wote walimkodolea macho mchezaji wa katikati na kumpigia makofi. Priska, ambaye hajawahi kuwekwa katikati ya kitu chochote, akatazama pembeni.

Kule mwisho kabisa wa nguo alisimama Tarsis.

Uso wake mkubwa kama mlango, na lile kovu juu ya nyusi. Mwanamke mwenye mimba amemwegemea begani. Mbele yake kasimama mtoto, na kichwani kwa mtoto Tarsis kaweka mkono, ule ule uliopoteza vidole viwili kwenye msumeno wa mbao. Alicheka, kashiba, hana wasiwasi.

"Mume wangu yule!" Priska alipiga yowe.

"Dada, huyo wa kwenye nguo hatakupa matumizi!" mtu akamjibu kizani, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Picha ikabadilika.

Wenye malori walikuwa wanaelekea Songea alfajiri, lakini dereva wao alimwambia sinema ile ile imewekwa kwenye kaseti, na Halfan wa Makambako anayo kwenye banda lake la video. Priska akarudi nyumbani mbio mbio. Getruda alimsikiliza, akatema mate. "Pombe ya ulanzi hiyo imekuingia." Lukas akasema, "Mimi nitakwenda nione kwa macho yangu. Na wewe Getruda twende. Anayemjua mtoto ni mama."

Banda la Halfan lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mbele kulikuwa na televisheni, imefungiwa ndani ya kizimba cha nondo na kufuli juu, kwa ajili ya wezi. Priska akaipima kwa macho. Nguo yote ile imeingiaje humo?

"Karibuni wazee wangu," alisema Halfan. "Leo hata kanisa limekuja video!"

"Kanisa limekuja kutazama betri," alisema Lukas. "Hizo sinema zako za mateke utazionesha tukishatoka."

Kaseti ikaanza. Soko lile lile, wimbo ule ule, ila watu wamekuwa kama siafu. Jicho halikuwa na pa kutembea. Lilikaa pale pale lilipowekwa. Mchezaji wa katikati akaijaza televisheni nzima. Priska alisogea mpaka nondo zikamgusa pua. Akamwona mtoto. Akauona mkono kichwani kwa mtoto, vidole vitatu. Baada ya mkono, kioo kikaisha.

"Mkono ule! Yeye mwenyewe yuko huku, na mwanamke yuko huku!" Alikuwa anapapasa ubavu wa kizimba, nje ya kioo.

Halfan akatikisa kichwa. "Mama, ile nguo ni ndefu, hii ni ya mraba. Wakiihamishia kwenye kaseti wanakata pembeni. Kama kitambaa kirefu, unakikata upate leso."

Akairudisha mara mbili, na mara zote mbili ulikuja mkono mtupu.

"Wapasua mbao wangapi wamekatwa vidole?" Lukas aliuliza kwa upole. "Getruda, wewe ndiye mama. Ni mwanao?"

Getruda alikaza kanga. "Mkono hauna jina."

"Basi," alisema Lukas, akatoka kutafuta lori la kurudi.

Priska alitoka nyuma yake. Lori lilipopatikana akatumwa kumwita mkwe. Alipofunua gunia la mlangoni alisikia sauti ya Getruda ikimwambia Halfan: "Baba, nirudishie tena pale kwa yule mtoto." Kikongwe kachuchumaa mbele ya kizimba, kidole kimepita kati ya nondo, kinagusa kioo.

"Mama," aliita Priska.

Getruda hakugeuka. "Ana paji la babu yake."

"Basi mwambie mzee Lukas!"

"Nikimwambia, wewe jioni uko Wanging'ombe. Na mimi? Nani ataniwashia moto? Huyu wa kwenye kioo?" Akajifuta macho. "Ukisema nimekiri, nitakataa mbele ya mchungaji."

Honi ikalia. Priska alipanda kwanza, akaketi juu ya magunia. Getruda akabaki chini, mfupi, miguu mibovu, akanyoosha mkono apandishwe. Lori likanguruma. Priska aliutazama mkono ule kwa muda. Angeuacha, lori lingeondoka.

Akaushika, akamvuta.

"Mkwe mwema huyu," alisema Lukas.

"Ndiyo," alisema Getruda, na mkono hakuuachia mpaka Matembwe.