Mvua ya Vijiti

Vijiti viwili vikigongwa juu ya ubao mkavu hutoa sauti ya mvua inayoanza. Si mvua kubwa. Ni yale matone ya kwanza kwenye majani ya migomba, kabla mtu hajaamua kwenda kuanua nguo. Sauti hiyo imekaa masikioni mwangu kwa wiki nyingi sasa. Mimi ni fundi wa simu na redio hapa Busia, upande wa Uganda, na kazi ya kurekodi sauti nilijifunza mwenyewe, kwa kujaribu na kukosea. Binti yangu Nabwire na wenzake wawili wa Tororo wametengeneza gemu ya kutisha, nami ndiye ninayewatafutia sauti. Nikivua hedifoni jioni, mvua inaendelea.

Niieleze gemu yenyewe kidogo, maana huenda wengi wenu hamchezi vitu hivi. Unaona kila kitu kwa macho ya mtoto wa kike. Uko gizani, chini ya blanketi lisilo na mwisho, huna silaha, na kuna kitu kinatambaa karibu nawe. Unatakiwa utoke ukiwa hai. Kinachokuongoza ni mlio wa vijiti kutoka nje, basi. Waliocheza walirudi na swali lile lile: anayegonga ni nani? Ndipo vijana wakaamua kuandika sura ya nyongeza.

Giza lile Nabwire hakulibuni. Alilipata kwangu, katika hadithi niliyokuwa nikimsimulia alipokuwa mdogo, ya siku niliyokuwa ndani ya kichuguu chetu kule Lunyo.

Kwetu kichuguu kilikuwa na mwenyewe, kama shamba. Mvua za kwanza zikishapita na jua likarudi kuwaka, kila nyumba ilikwenda kwenye kichuguu chake mchana kuvuna kumbikumbi. Tulipinda fito juu ya matundu, tukazifunika kwa mablanketi na majani ya migomba, tukaacha upenyo mdogo wa mwanga upande mmoja, na chini ya upenyo tukafukia chungu hadi shingoni. Kisha mtu aliketi nje na kugonga ubao. Kumbikumbi, wakidhani mvua imeanza, walitoka, wakaufuata mwanga, wakaangukia chunguni. Wale waliozubaa njiani walihitaji kusukumwa, kwa hiyo ndani aliingizwa mtoto mwembamba. Mwembamba alikuwa mimi. Dada zangu walikwisha kunenepa kwa kumbikumbi wa miaka iliyotangulia.

Kulikuwa na sheria. Aliye ndani hasemi neno. Anayegonga habadilishi mwendo. Sisi watoto tukipewa vijiti tuligonga kama watu wa harusi, na Mama alikuwa akitunyang'anya.

"Mvua haina haraka," alikuwa akisema. "Mnawaita ama mnawafukuza?"

Mwaka huo Baba alikuwa amelazwa hospitalini Tororo. Mama alikuwa akikesha naye, na siku hiyo alikuwa amekuja nyumbani kufua na kututafutia mboga, kisha arudi. Nakumbuka macho yake yalivyokuwa mekundu, na jinsi alivyoketi mbele ya ubao kama mtu anayetua mzigo. Akaanza kugonga. Nikaingia.

Ndani kulinuka udongo uliolowa na moshi wa zamani wa blanketi. Kumbikumbi walinipanda mikononi na shingoni, mabawa yao yakinitekenya midomo, na kila aliyeingia kinywani sikumrudisha. Ni watamu hata wakiwa wabichi, kama siagi iliyotiwa vumbi.

Kisha kitu kilinigusa muundi. Kilikuwa cha baridi na kizito, na kilipita juu ya mguu wangu polepole bila kuisha. Nilisubiri kiishe. Hakikuisha. Nywele zilinisimama, mdomo ukafunguka nipige kelele, lakini kwanza nikasikiliza. Nje vijiti viligonga vile vile. Havikuharakisha wala kusita. Nikawaza, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba kama kingekuwa kitu kibaya Mama angeacha kugonga. Nikafunga mdomo. Kitu kile kikaenda zake, na mvua ya vijiti ikaendelea muda mrefu baada yake.

Mwishowe ilikoma, na sauti ya Mama ikaja, ndogo sana.

"Sasa toka. Polepole. Lete mkono."

Alinivuta nje, akanibeba mgongoni ingawa nilikwisha kuwa mkubwa wa kubebwa, akaondoka bila hata kutazama chungu.

"Mama, kuna kitu kimenipita mguuni."

"Panya."

"Panya mrefu hivyo?"

"Nyamaza, mwanangu. Nimechoka."

Nyumbani alijilaza kwenye mkeka, mikono ameibana katikati ya magoti. Nilidhani ni uchovu wa hospitalini. Jua lilipopunga akaamka, akaoga, akarudi Tororo kwa Baba. Kichuguu kile hatukukivuna tena. Tulipouliza, Mama alijibu kwamba kimechoka. Tulinung'unika sana, maana ndicho kilichokuwa na kumbikumbi wanene kuliko vyote. Moyoni nilisema kilichochoka ni yeye, si kichuguu.

Mwaka huu tulikwenda Lunyo na Nabwire kurekodi. Mama sasa ni mzee na vidole vimepinda, lakini vijiti anavishika. Nilimwekea kipaza sauti karibu na ubao.

"Kukhu, gonga tu kama zamani," Nabwire alimwambia bibi yake. "Usiogope mashine."

"Mimi naogopa nini? Mashine inauma?"

Akaanza. Mwendo ulikuwa ule ule, nikaufahamu kwa ngozi kabla ya masikio. Baada ya muda akaweka vijiti chini, akanyoosha vidole.

"Siku ile ya nyoka niligonga hivi hivi."

"Nyoka gani, Mama?"

"Wewe si ulikuwa ndani? Ile nyeusi. Mimi naona inaingia chini ya blanketi, mkia tu ndiyo inabaki nje. Halafu na mkia inapotea."

"Ulisema panya!"

"Ningesema nyoka, nani angekulaza usiku, na mimi niko Tororo?"

Nikauliza kwa nini hakuniita.

"Nikiita, unaruka. Ukiruka, inakuuma. Nikinyamaza, unatoa kichwa, unauliza. Basi nagonga, mpaka naiona inatoka." Alitazama mikono yake. "Mkono ilitaka kukimbia. Nikaiambia, mvua haina haraka."

Hatukurekodi zaidi siku hiyo.

Sura ya nyongeza sasa imekamilika. Ndani yake wewe si mtoto. Umeketi nje juani, ubao uko mbele yako, na mkia mweusi unaingia chini ya blanketi. Kitufe ni kimoja, cha kugonga. Ukiharakisha, mtoto anashtuka. Ukiacha, mtoto anatoka, na vyovyote vile nyoka anamuuma. Nabwire ana wasiwasi.

"Mama, watu wanalalamika. Hakuna anayepita. Wanataka angalau jiwe la kurusha."

Nilimwambia siku ile hapakuwa na jiwe.

Jana niliijaribu mwenyewe. Sauti zile nimezipanga mimi, moja moja. Najua nyoka anaingilia wapi na anatokea wapi. Najua pia kwamba mtoto anapona, kwa sababu mtoto ni mimi. Mkia ulipopotea chini ya blanketi, kidole changu kiliongeza kasi. Nikarudia tangu mwanzo, nikiwa nimejionya. Kikaongeza tena.

"Pole, Mama," Nabwire akasema nyuma ya kiti changu. "Na aliyeumwa ni wewe."

Nikavua hedifoni. Utotoni niliamini vijiti havikubadilika kwa sababu nje hapakuwa na hatari, na nikakua nikidhani Mama siku ile hakuona kitu, usingizi ulikuwa umemlemea. Kumbe kila kitu alikiona yeye, juani, macho wazi, mumewe hospitalini na mtoto wake gizani na nyoka. Mkono ulitaka kukimbia, naye akaendelea kunyesha.