Taa za Gari la Kijivu

Bi Waya, fundi umeme wa magari, alikuwa na kinyongo cha miaka mitatu, na alikilea kama mtoto wa kunyonya. Mumewe alikatwa mguu baada ya kugongwa na gari la kijivu lililochomoka kwenye vumbi la lori, saa saba mchana, bila taa. Kwenye kituo cha polisi, Bi Waya akisikia kwa masikio yake, dereva alicheka: "Niwashe taa mchana, mimi kichaa?" Hata pole hakusema.

Basi siku moja si ndiyo gari lile lile likaingia gereji!

"Taa moja imekufa, mama. Nitalipitia jioni," dereva alisema. Hakumtambua. Mwanamke aliyejaa grisi nani anamtazama usoni?

Bi Waya alifungua boneti. Mrija wa breki ulikuwa pale mbele yake, na plaisi anayo mkononi. Alimchukia yule mtu, tusidanganyane, alimchukia hadi mate yakawa machungu. Akaubana mrija kwa plaisi. Kisha akawaza: huyu akikosa breki atamvaa nani? Mume wa nani tena? Akaiondoa, akasonya.

Lakini amwachie hivi hivi? Thubutu! Akabadilisha balbu, akakata waya za swichi, akaunganisha taa na ufunguo: gari likiwaka, nazo zinawaka, hakuna kuzima.

Kesho yake dereva akarudi anafoka. "Barabara nzima wananionyesha vidole, wananicheka! Zima hizi taa!"

"Hazizimiki."

"Mama, wewe kichaa?"

"Ndiyo. Mume wangu, hebu njoo umwone mgeni."

Mumewe akatoka chumba cha nyuma na magongo yake, ko, ko, ko. Dereva akatazama pale mguu ulipopaswa kuwa, ufunguo ukamdondoka.

"Nenda kwa fundi mwingine akuzimie," Bi Waya alisema. "Ila umweleze na sababu."

Hakwenda kwa fundi yeyote. Kila siku saa saba gari la kijivu hupita pale taa zikiwaka, dereva macho mbele, hathubutu kugeuka, na Bi Waya husimama mlangoni akimkodolea macho hadi apotee. Kusamehe hajasamehe, wala hana mpango huo. Mumewe, kwenye benchi lake, humwambia kila mara:

"Huyo anakuja. Nimemwona tangu kule kwenye kona."