Fundi makochi anayempima mtu kabla ya kiti

Saa tatu asubuhi, kochi limeshashushwa kutoka kwenye mkokoteni, lakini fundi hajaligusa. Amechuchumaa kando yake, mikono magotini, anamtazama bibi aliyekalishwa juu yake.

"Hebu inuka, bibi," anasema.

Bibi anashika mkono wa kochi, anajisukuma, anarudi palepale alipotoka. Anajaribu tena. Mke wa mwanawe, aliyemleta, anataka kumvuta mkono, lakini fundi anamzuia kwa ishara ya kichwa.

"Kochi hili lina mapenzi ya ajabu," bibi analalamika. "Likishanikumbatia haliniachii. Hata marehemu mume wangu hakufikia hapo."

Karakana nzima inacheka. Fundi naye anacheka, ila macho yake yako kwenye magoti ya bibi, ambayo yamepanda juu kuliko kiuno chake. Anapima kwa kiganja kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni, kisha anamgeukia yule mkwe, ambaye amekuja na nia ya kubadilishiwa kitambaa chote.

"Kitambaa chako kizima, mdogo wangu. Usinunue kingine. Nitapandisha kikalio na kurefusha miguu, basi."

"Yaani fundi unanikataza kununua?"

"Nakukataza kutupa hela. Ukitoka hapa na hela yako, siku ukiharibikiwa na kingine utanikumbuka."

Mtaani wanamwita Mama Sponji. Ana miaka arobaini na minane, ni mfupi, mchangamfu, na vidole vyake vimejaa makovu ya pini. Karakana yake ni banda la mabati lenye chumba kimoja na baraza pana inayotazama barabara. Zamani barazani hapo palipangwa seti mpya za makochi, zimefunikwa nailoni, zinamngoja mwenye nacho. Leo pamejaa viti vya watu wengine, vilivyochoka, kila kimoja na ugonjwa wake.

Kwa miaka mingi alifanya kazi hapa na mumewe. Mume alikuwa fundi wa mbao, anatengeneza fremu. Mke anaivisha sponji na kitambaa. Siku za neema waliuza seti nne kwa mwezi na kuwalipa vijana watatu. Kisha hali ikakaza. Seti nne zikawa moja, na baadaye ukapita msimu mzima bila mtu hata kuuliza bei.

Wakafanya kile ambacho wengi hukifanya maji yakiwafika shingoni: wakapunguza bei, na ili wasipate hasara wakapunguza na ubora. Wakanunua sponji nyepesi.

"Rahisi ghali," anasema Mama Sponji, na hapa hacheki. "Mteja alikaa miezi miwili tu, kiti kikabonyea kama andazi lililopoa. Akaja kutusema mbele ya watu. Na alikuwa na haki. Jina tulilijenga miaka, tukalibomoa kwa sponji."

Vijana wakaondoka mmoja mmoja. Mwisho mume naye akafunga msumeno wake kwenye gunia na kwenda mji mwingine kufanya kibarua cha kupigilia mbao za zege. Hutuma kidogo anachopata. Walikubaliana kwamba karakana ikiamka, atarudi. Hakuna kati yao aliyesema itakuwaje isipoamka.

"Nilibaki nimeshika tama hapa barazani," anasimulia. "Mtu akipita namsalimia kwa sauti, ili asijue kwamba sina kazi. Na nilimkosa mume wangu, nisiseme uongo. Hata ile sauti ya randa yake niliikosa."

Kilichomwamsha, anakiri, ni kosa.

Mjane mmoja wa mtaa wa pili alimletea kiti cha peke yake, kitambaa kimechanika. Mama Sponji alimhurumia. Alipokifungua akakuta sponji imebonyea katikati, bonde kabisa, akaona amfanyie hisani: akaitoa, akaweka mpya nene bila kuongeza bei. Kiti kikarudi kimevimba vizuri.

Mjane alikaa, machozi yakamtoka.

"Akaniambia, 'Mwenzangu, mume wangu alikaa hapa miaka ishirini. Nilikuwa nikikaa nakaa alipokaa yeye. Sasa umemwondoa.' Wallahi nilitamani ardhi ipasuke."

Sponji ile kuukuu alikwisha kuiuza kwa mshona mito, ndani ya gunia la mabaki. Alikimbia mchana kweupe, kanga inamdondoka, akaikuta haijakatwa. Akairudisha mahali pake, akaishikiza kwa tabaka jembamba chini ili isizidi kuzama, na bonde likabaki. Safari hii mjane alikaa, akapapasa mikono ya kiti, akasema, "Ndiyo yeye."

Tangu siku hiyo Mama Sponji hafungui kiti cha mtu kabla ya kuuliza nani hukikalia, na kabla ya kumwona amekaa.

"Siku zote tulikuwa tunauza makochi. Hatukuwahi kuuliza nani atakaa," anasema.

Majibu yakampa kazi ambazo hakuzijua. Mshona nguo aliyekuwa akiumwa mgongo alitaka kiti cha kazini kiinuke nyuma. Mama wa pacha wachanga alitaka mikono ya kiti iwe mipana, alaze mmoja huku ananyonyesha mwingine. Gharama yake huwa kama robo ya bei ya seti mpya, na anayekwama hulipa kwa awamu mbili. Sasa hupokea viti kama kumi kwa mwezi. Si utajiri, lakini kodi ya banda haijachelewa tena, na mmoja wa wale vijana amerudi.

Bibi aliyekaa kwenye kochi amekuwa akisikiliza yote. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," anadakia. "Wewe angalau unamwuliza aliyelala."

Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo Mama Sponji hajamwambia mumewe. Mbao na springi za matengenezo alizipata kwa kuzivunja zile seti zisizouzika, hata ile ya kona ambayo mume aliitengeneza kwa viungo vya kuchomeka, bila msumari hata mmoja. Aliipenda mno seti ile. Alipoondoka ndiyo aliyoipapasa mwisho.

"Naogopa ataona nimemfuta," anasema, sauti imeshuka. "Ataona karakana inakwenda bila yeye."

Leo hana pa kujificha. Zahanati ya jirani imeagiza viti kumi na viwili vya wazee, virefu, vyenye mikono imara ya kushikia wakati wa kuinuka. Vyote vinahitaji fremu mpya, na yeye randa hajui kuishika. Akishakubaliana na bibi siku ya kuchukua kochi, anajifuta mikono kwenye aproni, anapiga simu na kuiweka sauti ya nje ili aendelee kung'oa pini.

"Baba watoto, za huko?"

"Nzuri, mama. Kwema?"

"Kwema. Ile seti ya kona... nimeivunja."

Kwa mbali inasikika mashine ya kuchanganyia zege.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Viungo vilikuwaje?"

"Vilinitesa, usiniulize! Nilipiga nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Nikakutukana."

Mume anacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyesifiwa. Mama Sponji ameacha kung'oa pini.

"Kuna kazi ya mbao hapa," anasema. "Viti kumi na viwili. Mimi siiwezi."

"Tafuta fundi basi."

"Si ndiye ninayempigia?"

Mashine ya zege inaendelea kunguruma. Kisha sauti ya mume inarudi, chini kidogo, kama ya mtu aliyejitenga na wenzake.

"Miguu yake unataka iwe na urefu gani?"